Mashine Inazunguka. Je, Inafanya Kazi?

Grenda, mashine ya mkononi ya kukata na kusaga chuma, ilifika imefungwa kwa magazeti na gundi ya utepe tele, utadhani aliyeifunga alikuwa anaganga jeraha. Tangazo la mnada wa mtandaoni nilikoinunua lilikuwa fupi: "Imetumika. Inafanya kazi vizuri." Nilikuwa nimepandisha dau mara tatu nikigombania na mtu nisiyemjua, nikashinda sekunde chache kabla ya mnada kufungwa, na siku hiyo nzima nilitembea kifua mbele.

Nikaichomeka kwenye umeme. Ikawaka. Furaha yangu ilidumu kama sekunde tatu hivi, mpaka nilipochungulia kwenye matundu ya hewa. Cheche kidogo chini ya kaboni, zile brashi zinazopeleka umeme kwenye mota, ni jambo la kawaida. Mimi niliona duara zima la moto wa buluu likizunguka komuteta, ile pete ya shaba ya mota ambayo kaboni huigusa. Nilipoizima, badala ya kupunguza mwendo taratibu, ilisimama kwa mkwaruzo kama mtu anayetafuna mchanga. Nikaifungua. Kaboni zilikuwa zimebaki unene wa sarafu mbili, na beringi ya nyuma haikuwa na grisi hata chembe.

Muuzaji alijibu ujumbe wangu jioni ileile: "Ndugu, umewasha ikawaka. Nilisema inafanya kazi, sikusema ni mpya."

Nilikasirika sana. Lakini jibu lile nimelirudia kichwani mara nyingi tangu hapo, na kadiri ninavyolirudia ndivyo ninavyoona kwamba migogoro mingi ya zana za umeme zilizotumika inazaliwa humo, katika maana ya kitenzi kimoja.

Tuweke kando kwanza utapeli wa wazi: picha iliyochukuliwa kwingine, sanduku tupu, betri ya kanyaboya iliyobandikwa nembo ya kampuni kubwa. Hapo hakuna pande mbili za kupima. Mtu amepigwa, na anastahili kurudishiwa pesa yake yote. Kigumu ni kile kilicho katikati, ambapo kila upande una neno la kusema na hakuna anayejiona mwongo.

Watu husahau kwamba ubovu wenyewe haujawahi kuwa kosa kwenye minada ya mtandaoni. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha AuctionWeb, tovuti iliyokuja kuitwa eBay, na kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kimulimuli cha leza kilichoharibika. Kiliuzwa kwa dola 14.83. Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama anaelewa kwamba kitu hicho ni kibovu, naye akajibu kwamba yeye hukusanya vimulimuli vibovu. Biashara ikaisha kwa amani. Mashine iliyokufa ina mnunuzi wake: fundi anayetaka giaboksi tu, au kava, au swichi. Anachohitaji ni kuambiwa.

Sasa tumsikilize muuzaji, maana kwa kawaida hasikilizwi. Hoja yake nzito kuliko zote ni ya bei. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza, akitumia mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu huteremsha bei ya yote, na mwenye zima huona afadhali abaki nalo. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Ukiisoma kwa jicho la muuzaji, inasema hivi: umenunua grenda kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya kwa sababu bei ile tayari ilikuwa na hofu ndani yake. Hofu ikitimia, unarudi kudai pesa. Umelipwa mara mbili, mara ya kwanza kwa punguzo, ya pili kwa fidia. Kama ulitaka uhakika, duka lipo.

Hoja hiyo ina nguvu na sitaki kuipita haraka. Mtu anayenunua randa ya umeme yenye miaka 15 kisha akalalamika kwamba waya wake umekakamaa anataka duka kwa bei ya mnada. Wako wengi wa namna hiyo. Wako pia wabaya zaidi: anayenunua drili kwa ajili ya kazi ya wikendi moja, akaimaliza, kisha Jumatatu akaandika kwamba "haikuwa kama ilivyoelezwa", anayerudisha mashine yenye betri nyingine, iliyochoka, anayesema nirudishie nusu la sivyo nakuandikia maoni mabaya. Tangu mwaka 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwandikia mnunuzi maoni hasi. Sababu ilikuwa ya haki, kwani wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi kwa kila aliyelalamika. Lakini dawa hiyo ilimwacha muuzaji mwaminifu bila jino.

Hata hivyo hoja ya bei ina tundu. Punguzo la mnada hufidia kile ambacho pande zote mbili hazikijui. Halifidii kile kilichoandikwa kwenye tangazo. Maneno "inafanya kazi vizuri" yalipandisha dau langu, na yakapandisha la yule niliyekuwa nagombania naye. Kama tangazo lingesema "inawaka, sijui zaidi," sote wawili tungeishia mbali chini. Kwa hiyo muuzaji alilipwa kwa ajili ya maneno yale, na maneno yaliyolipiwa yana deni.

Sheria za nchi kadhaa zinaelekea hukohuko. Uingereza, hata mtu binafsi anayeuza kitu chake kilichotumika anatakiwa kuuza kinacholingana na maelezo aliyotoa, ingawa habanwi kuhusu ubora kama duka linavyobanwa. Ujerumani mwaka 2006 Mahakama ya Shirikisho ilipata kesi ya pikipiki iliyouzwa eBay. Muuzaji alikuwa ameandika umbali iliyotembea kwa kilomita kumbe kipimo kilihesabu maili, na wakati huohuo aliandika kwamba hatoi dhamana yoyote. Mahakama ikaamua kwamba kukana dhamana hakufuti kile ulichokwisha kukieleza. Ukisema kilomita, ni kilomita. Muuzaji yule huenda hakukusudia kumdanganya mtu, na bado maneno yake yalimfunga.

Hapo linakuja neno ambalo mimi huliogopa kuliko "inafanya kazi". Neno lenyewe ni "haijajaribiwa". Zana ya umeme yenye waya inajaribiwa kwa sekunde 10: chomeka, bonyeza, sikiliza. Mtu aliyepata muda wa kupiga picha sita, kuifuta vumbi na kuandika aya mbili juu ya chapa yake, akakosa sekunde 10 za kubonyeza swichi, ananiomba niamini jambo gumu. Mara nyingi alijaribu. Ilikataa. Ndipo ikawa haijajaribiwa. Hata eBay yenyewe inaeleza kwamba kitu kilichowekwa kwenye kundi la vilivyotumika kiwe kinafanya kazi kama kilivyokusudiwa, na ina kundi jingine la vya kutolea vipuri au visivyofanya kazi. Anayeweka mashine kwenye kundi la kwanza na kuandika chini yake "haijajaribiwa" anasema mambo mawili yanayopingana, akitumaini utasoma moja tu.

Nimesema mara nyingi, sikusema siku zote. Anayeuza karakana ya marehemu mzee wake anaweza kukuta mashine ya fezi tatu na nyumbani hana umeme wa fezi tatu. Anaweza kukuta drili ya betri bila betri wala chaja. Anaweza kukuta mashine ya volti 120 katika nchi ya volti 230, na kuichomeka ili kuijaribu ndiyo njia ya kuiua. Huyo akisema hajajaribu, anasema kweli, na tena amefanya busara. Tofauti inaonekana katika sentensi inayofuata. Mkweli hueleza kwa nini hakujaribu. Mwingine hunyamaza, au hukimbilia kusema "ilikuwa inafanya kazi mara ya mwisho," bila kusema mara hiyo ya mwisho ilikuwa lini.

Betri zinastahili neno la peke yake kwa sababu hapo hata mkweli hudanganya bila kujua. Pakiti ya volti 18 ni seli tano zilizounganishwa mfululizo, kila moja volti 3.6. Ile inayouzwa kama volti 20 kwa kawaida ni seli tano zilezile, volti zake zikihesabiwa zinapotoka tu kwenye chaja zikiwa zimejaa, kwa hiyo anayekuambia ya 20 ina nguvu kuliko ya 18 amesoma lebo tu. Muuzaji hupiga picha taa nne za kijani zikiwaka akidhani ametoa ushahidi. Katika pakiti nyingi taa hizo husoma volti. Hazisemi betri itadumu muda gani. Betri iliyochoka huonyesha taa zote, ukifunga skrubu kumi ndefu inazima. Pakiti halisi ya volti 18 yenye ujazo wa Ah 5.0 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) mara nyingi huwa na seli kumi ndani, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo ukiomba picha yake ikiwa juu ya mizani unaweza kuigundua feki kabla hujatoa senti. Wauzaji hucheka ombi hilo, lakini wengi hulitimiza.

Kuna jambo jingine linalonifanya nimwegemee mnunuzi hata ninapomwonea huruma muuzaji. Shati lililotumika likiwa na kasoro linakuaibisha. Grenda ndogo yenye diski ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na ukipiga hesabu, ukingo wa diski unakwenda kwa zaidi ya kilomita 230 kwa saa, sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako. Ikiuzwa bila kinga ya diski na tangazo halikutaja, au swichi yake inakwama kwenye kuwaka, huo si upungufu wa maelezo wa kusameheana. Kwenye usalama sioni pande mbili.

Kwa mengine yote, naona kosa letu kubwa ni kudhani dawa ni moja, yaani kurudisha mashine na kupewa pesa yote. eBay hutoa dhamana ya kurudishiwa pesa ukilalamika ndani ya siku 30 tangu kitu kufika au tangu tarehe iliyokadiriwa ya kufika, na kitu kikiwa hakilingani na maelezo, gharama ya kukirudisha ni ya muuzaji. Kwa drili ya mkononi, sawa. Kwa msumeno wa meza wenye chuma cha kusubu, nauli ya kurudi inaweza kuipita bei ya mashine, na njiani chuma hicho kinaweza kupasuka. Wakati mwingine tatizo zima ni kaboni mbili ambazo fundi anabadilisha kwa bisibisi wakati chai inachemka. Kudai mkataba mzima uvunjwe kwa ajili ya kaboni ni ukorofi. Kukataa kulipia kaboni hizo ni ukorofi uleule kutoka upande wa pili. Kipimo ninachokiona cha haki ni gharama ya kuifikisha mashine pale tangazo lilipodai ilikuwa.

Hapo lazima nikiri kosa langu mwenyewe. Niliifungua grenda kabla ya kupiga picha. Mara tu skrubu ya kwanza ilipotoka, nilimpa muuzaji hoja ambayo hakuwa nayo: huenda wewe ndiye uliyeiharibu. Ningepaswa kurekodi video tangu kwenye sanduku, kuiwasha ikiwa baridi, kisha kuikatisha chuma dakika mbili, kwa sababu mashine mbovu nyingi huimba vizuri zikiwa hazina mzigo. Yote hayo siku ya kwanza, kwa kuwa malalamiko ya wiki ya tatu yananuka matumizi. Na ujumbe wote upitie ndani ya tovuti ya mnada, hata muuzaji akisema tuhamie kwenye simu tuelewane kiungwana. Ukihamia huko, anayeamua mgogoro haoni kilichosemwa.

Jambo lililonisaidia, pamoja na kosa hilo, ni kwamba sikumwita mwizi. Nilikuwa nimeandika neno hilo nikalifuta. Nikaifunga mashine upya, nikairekodi gizani ili lile duara la moto lionekane, nikamtumia pamoja na bei ya kaboni na beringi, nikamwambia ninachodai ni hicho tu.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha pesa ikaingia, na chini yake ujumbe: "Kwani hizo cheche si kawaida? Hiyo grenda inafanya hivyo tangu mwaka juzi. Nilidhani zote ziko hivyo."