Hiyo "tu" ndiyo inayoniuma

Jumamosi nilikuwa kwenye mahafali ya mtoto wa dada yangu. Mgeni rasmi akawaambia vijana kwamba Michelangelo, yule mchongaji sanamu wa Italia, alimwona malaika ndani ya jiwe, akachonga mpaka akamtoa. Nao basi kila mmoja ana malaika wake ndani, kazi ni kumtoa tu. Ukumbi mzima makofi. Mimi nilishindwa kupiga.

Lipo shairi la Michelangelo mwenyewe, alilomwandikia bibi mshairi, rafiki yake Vittoria Colonna. Linaanza kweli na wazo la namna hiyo: lolote analoliwaza msanii bora, pande la marumaru limekwisha kulibeba ndani ya ziada yake. Wengi huishia hapo. Mstari wa nne unasema anayelifikia ni mkono unaoitii akili, basi. Na mwisho wa shairi ni majonzi matupu: moyoni mwa bibi yule mna huruma na mauti kwa pamoja, lakini yeye, kwa uduni wa kipaji chake, hajui kutoa humo ila mauti. Huyu ni mzee wa miaka sitini na kitu, Daudi alishamchonga zamani, anakiri kwamba uzuri upo na mkono wake haukuufikia. Vijana wangeambiwa hilo pia! Lingewafaa siku watakaposhindwa.

Wazo lenyewe lina wazee wake. Michelangelo alipokuwa kijana aliishi nyumbani kwa Lorenzo de' Medici, mtawala wa Florence, mji ambao msomi Marsilio Ficino alikuwa akiwafasiri wanafalsafa wa kale, Plato na Plotinus, kwa Kilatini. Plotinus alifundisha kwamba mtu aitengeneze nafsi yake kama mchongaji atengenezavyo sanamu, kwa kuondoa kilichozidi. Kuondoa kunatisha. Mfinyanzi akikosea hubandika udongo. Wa marumaru patasi ikimponyoka, pua imekwenda.

Watazame wale Wafungwa wanne, sanamu zake ambazo hazikuisha, walioko Accademia, jumba la makumbusho la Florence. Haya, nakubali, pengine hawakuisha kwa sababu ya mikataba: walichongwa kwa ajili ya kaburi la Papa Julius II, nalo liliagizwa 1505, likapunguzwa mara kadhaa, likaja kukamilika 1545. Lakini simama mbele ya yule aitwaye Atlas. Kifua na mapaja vimeshatoka, misuli imekaza, mistari ya patasi ya meno imepishana mwilini kama mikwaruzo. Kichwa hakipo. Pale penye kichwa ni jiwe, zito, naye amelibeba.

Februari 1564, siku chache kabla ya kufa, akiwa na miaka 88, Michelangelo alikuwa bado anaigonga ile Pietà iitwayo ya Rondanini, sanamu ya Maria na mwili wa Kristo aliyekufa. Mwili wa kwanza wa Kristo alikuwa ameshaukata, akawa anauchonga mwingine kutoka kwenye mwili wa mamaye. Mkono wa ule wa kwanza ungalipo pembeni, umelainishwa vizuri, umesimama peke yake.