Bia ya Konokono

Kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, na najua wa Pangani mmeshasikia, ngoja niseme mwenyewe: siku ile sikuwa nimelewa.

Chanzo cha yote ni sukuma wiki. Mama mkwe alipopata viza ya kuja kututembelea hapa Leicester, Uingereza, hakuuliza habari ya baridi wala ya ndege. Aliuliza, "Huko mboga mnazipata?" Mke wangu akamwambia tunazo za dukani, zimefungwa kwenye nailoni. Kimya. Halafu mama akasema, "Haya." Mwenye mama mkwe wa pwani anaijua "haya" ya namna hiyo ina kilo ngapi. Nikaapa kwamba akifika Januari atakula mboga iliyochumwa uani kwangu, kwa mkono wangu.

Uani nina kibanda cha vioo, futi sita kwa nane, nilichokinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Mabwana shamba wa nyumbani wanakiita kitalu nyumba. Mke wangu anakiita kioski, anasema kimepungukiwa vocha na soda tu.

Mchicha na matembele tulishavizika Oktoba, usiku wa kwanza wa sakitu. Sukuma wiki yeye ni ndugu wa kabichi, baridi anaizoea. Kinachomshinda ni giza. Mwishoni mwa Desemba huku jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshaaga. Mmea haukui tena, unakaa tu kama abiria aliyeachwa stendi. Kwa hiyo miche niliiotesha Agosti, na Krismasi ilipofika nilikuwa na mashina kumi na nne, majani mapana kama masikio ya tembo. Niliyapiga picha nikamtumia mama mkwe. Akajibu kwa sauti: "Mashallah. Hayo matundu ni ya nini?"

Hapo ndipo nilipovaa miwani.

Watu hudhani wadudu wote hufa baridi ikiingia. Huko nje labda. Ila wewe umekwenda ukabandika nailoni ya vipovu kwenye vioo vyote, ile watoto wanayopenda kuipasua, halafu ukawasha hita ya mafuta ya taa usiku kucha. Umejenga hoteli. Chini ya majani kulikuwa na vidukari, wale wadudu mafuta, wamebanana kama watu kwenye kivuko cha Kigamboni asubuhi ya Jumatatu. Na kidukari hahangaiki kutafuta mume. Jike huzaa peke yake, anazaa majike watupu, na hao watoto wanazaliwa tayari wana mimba. Ukiua mia leo, kesho mjukuu anakusalimia.

Matundu lakini hayakuwa ya vidukari. Yalikuwa ya koa, yule konokono asiye na nyumba. Mchana humwoni. Usiku nilikwenda na tochi nikawakuta watatu juu ya jani moja, wananyonyoa taratibu, bila wasiwasi, kama wazee wanaokula kahawa na kashata barazani.

Nilianza na vidukari. Chumbani kwetu, kwenye pembe ya dirisha, kila mwaka hujikusanya wadudu-kibibi, wale wekundu wenye madoa meusi. Wengi wao ni jamii iliyotoka Asia, Uingereza waliingia 2004, yaani wamenitangulia miaka mitano. Kazi yao maishani ni kula vidukari. Nikasema, wageni kwa wageni tusaidiane. Nikawakusanya kama thelathini kwenye chupa ya jemu, nikawapeleka kioskini, nikawamwaga mezani pa chakula, kidukari mpaka kinywani. Wakatembea wote, kwa mstari, wakapanda juu ya fremu, wakajibana pembeni wakalala. Kumbe majira ya baridi hawali, wanalala mpaka masika. Niliwatoa kitandani nikawapeleka kitanda kingine.

Habari ya koa nikaipeleka kwa mzee jirani, Mwingereza mstaafu ambaye bustani yake huwezi kuona jani limekosea kuota. Akaniambia zile chembe za buluu za sumu zilizokuwa zikiuzwa zamani, za metaldehidi, zimepigwa marufuku tangu 2022 kwa sababu zinaua ndege na wanyama wengine. "Weka bia," akasema. Unafukia kikombe mpaka shingoni, unakijaza bia nusu, koa anafuata harufu ya hamira, anatumbukia, anakufa amefurahi.

Sasa mimi tangu nizaliwe sijanunua bia. Sikujua hata zinapangwa upande gani wa duka. Nilizunguka, nikachukua kopo moja la bei ya chini kabisa, nikalificha chini ya mkate na pampasi, nikajipanga kwenye foleni ambayo keshia alikuwa kijana asiyenijua. Nyuma yangu sauti ikasema, "Assalaam alaykum."

Alikuwa mzee mmoja wa msikitini kwetu. Wakati huo huo mkate ukasogea mbele na kopo likabaki peke yake kwenye mkanda, linang'aa.

"Ya konokono," nikasema.

Mzee akaangalia kopo, akaniangalia. "Konokono ndiyo jina lake?"

Nikalipa nikaondoka. Vikombe vitatu vyeupe vya plastiki nikavifukia kati ya mashina, nikagawa bia, kopo tupu nikaliacha chini ya meza ya miche nikisema nitalitupa kesho. Mama mkwe alifika kesho yake.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Baridi ilikuwa imempiga butwaa, hatoki nje, anakaa jikoni karibu na redieta na tasbihi yake, anaangalia uani kupitia dirishani. Nilipomweleza habari ya vidukari alishangaa kwamba mtu mzima nahangaika. "Mwanangu, kwani majivu hamna?" Majivu Leicester! Nyumba nzima inapashwa joto na boila, jivu la mwisho mtaa huu nadhani lilizolewa kabla sijazaliwa. "Basi pilipili," akasema. Pilipili mbuzi, kitunguu saumu, sabuni kidogo ya maji ili dawa ishike, chemsha, chuja, nyunyiza chini ya majani, siyo juu. Pale nilipaswa kumuuliza kama kule Pangani dawa hiyo hunyunyiziwa ndani ya chumba cha vioo kilichofungwa. Sikuuliza.

Ijumaa usiku joto lilishuka hadi nyuzi tano chini ya sifuri. Alfajiri hita ikaishiwa mafuta. Saa nne asubuhi mke wangu yuko zamu, watoto wako madrasa, mimi nimevaa koti na kofia, nimejaza pampu lita mbili za dawa nyekundu. Mlango wa kioski ni wa kusukuma pembeni, unateleza kwenye reli ya alumini. Haukusogea. Hita hizi zina tabia moja: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa mvuke wa karibu lita moja ya maji, na maji yote hayo yanachuruzika kwenye vioo na kuishia kwenye reli. Yalikuwa yameganda.

Nikarudi ndani nikachukua birika la maji ya moto. Mama mkwe akaniuliza, "Chai huko?" Nikamwambia hapana mama, namwagia mlango. Akanyamaza, akavuta punje moja ya tasbihi. Nikamwagia reli birika zima, mlango ukateleza kama siagi, nikaingia, nikaufunga nyuma yangu ili baridi isiingie.

Mwenye akili ameshaona. Mimi sikuona. Nilikuwa nimetoka kumwaga lita moja na nusu ya maji kwenye chuma baridi, kwenye nyuzi tano chini ya sifuri, halafu nikajifungia ndani.

Nikainama, nikanyunyiza chini ya majani kama nilivyofundishwa. Shina la kwanza, la pili. Kwenye la tatu pua ikaanza kuwasha. Kwenye la tano nikapiga chafya mbele ya pampu, mkono ukabana, ukungu wote ukanirudia usoni. Jamani, pilipili mbuzi usiifanyie mzaha. Macho yalifunga duka. Nilikohoa mpaka kofia ikaanguka. Nikapapasa mlango, nikauvuta. Mlango wapi! Reli ilikuwa imeganda upya, safari hii imara kuliko mwanzo, na simu nimeiacha jikoni kwenye chaji.

Nikagonga vioo. Nikapiga kelele, "Mamaaa!" Madirisha ya nyumba za huku yana vioo viwili viwili, sauti haipiti. Kwa jicho moja nililoweza kulifungua nilimwona mama mkwe amesimama dirishani. Nikampungia mikono yote miwili. Nikayumba, nikashika meza, meza ikainama, trei za miche zikamwagika, na kopo la bia likabingirika kutoka chini ya meza hadi kwenye kioo cha mbele likasimama pale pale, jina likitazama jikoni.

Sasa jiweke mahali pake. Mkwe wako yuko ndani ya sanduku la vioo, macho mekundu, kamasi zinamtoka, anapepesuka, anaimba, anapunga mikono, miguuni pake kopo. Na kati ya mboga vikombe vitatu.

Mama akainua simu yake. Nikashukuru Mungu, nikajua anaita msaada. Baadaye nilikuja kuisikia sauti aliyoituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Jamani asalaam alaykum. Mkwe amelewa. Saa nne hii ya asubuhi. Yuko kwenye kibanda anacheza. Muombeeni."

Aliyeniokoa ni mzee jirani. Alisikia vioo vinagongwa, akachungulia juu ya ua, akarudi na kile kikopo cha kupuliza cha kuyeyusha barafu ya vioo vya gari. Akapuliza reli mara mbili, akaupiga mlango teke moja la kistaarabu, nikaanguka nje kwenye majani yaliyoganda nikimeza hewa. Mama mkwe ndiyo kwanza anatoka, kajifunga khanga juu ya koti la mwanawe, sandali zangu miguuni.

Jirani akamwinamia kwa adabu, akamsalimia kwa Kiingereza. Mama Kiingereza hana. Jirani akataka kuonyesha kwamba mambo si mabaya, akanyoosha kidole kwenye vikombe, akaniuliza kwa furaha kama ile kitu inafanya kazi, na akaitaja kwa jina. Kwa Kiingereza cha huku jina hilo ni "bia". Ukilisikia ni lile lile, hakuna haja ya mkalimani.

"Ameitaja mwenyewe," mama akasema. "Ndiye mnayekunywa naye."

"Mama, shikamoo," nikaanza, maana sikujua pa kuanzia. "Bia ni ya konokono."

"Nihemee."

"Mama..."

"Nihemee, mwanangu."

Nikamhemea. Kwa nusu saa nilikuwa nimevuta mvuke wa kitunguu saumu na pilipili. Mama akarudi hatua mbili nyuma, akapiga chafya, uso ukaanza kulegea kidogo. Lakini hakuwa mtu wa kuachia kesi kwa harufu tu. Akaingia mwenyewe kioskini, mtandio puani, akachungulia kikombe cha kwanza. Kitupu. Cha pili, kitupu; panya alikuwa amekifukua usiku na kukilaza. Akageuka akaniangalia. "Huyu konokono anakunywa, anamaliza, anarudi kwake?"

Cha tatu alikivuta kutoka kwenye udongo. Bia yote ilikuwa imeganda, imekuwa donge la rangi ya chai ya rangi. Akalinyanyua kwenye mwanga. Katikati ya barafu, amejinyoosha, pembe zake nne nje, alikuwemo koa mmoja mnene.

Sijawahi kumpenda mdudu maishani kama nilivyompenda yule.

Mama akamzungusha kikombeni kama sonara anayepima dhahabu. "Subhanallah," akasema polepole. "Kumbe kweli." Halafu: "Anafuata nini humo?" Nikamwambia hafuati kilevi, anafuata harufu ya hamira.

Akaniangalia muda mrefu. "Hamira," akasema. "Hamira hii ninayokandia maandazi? Iliyoko kabatini kwenu pakiti tatu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Jioni ile ile alikoroga hamira na sukari kwenye maji vuguvugu, akajaza vikombe. Baridi ilipopungua kidogo, siku mbili baadaye, tulikuta koa watano. Vidukari nao hakuwapulizia chochote. Alichuma majani yote yaliyobaki, akayaosha kwenye maji ya chumvi mara tatu, akayakatakata, akayapika kwa nazi. Nilipomuuliza vidukari viko wapi, akasema, "Kula."

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Jumamosi ile alikichukua kile kikombe cha tatu akakifunga kwenye mfuko, akakiweka kwenye friza kati ya vibua na maharage, akasema huo ni ushahidi, atawaonyesha watu wa Pangani kwa video. Akaahidi pia kurudi kwenye kundi la ukoo kunisafisha jina. Kisha akapitiwa na usingizi karibu na redieta.

Mke wangu alitoka zamu saa tatu usiku. Kazini simu hukaa kwenye kabati, kwa hiyo ujumbe wote aliukuta kwa mkupuo mmoja akiwa kwenye basi: wa mama yake, wa wajomba, wa shangazi wa Muheza ambaye miaka mitatu hajatupigia, na wa mzee wa msikitini akimuuliza mkewe amuulize mke wangu kama nyumbani kwetu ni salama. Aliingia hakuvua koti. Alisimama mbele yangu sebuleni, mkoba begani.

"Baba watoto," akasema. "Nihemee."

Jikoni nikasikia kiti kinaburuzwa, na sauti ya mama iliyojaa usingizi:

"Muache mwenzio! Ya konokono hiyo. Iko kwenye friza!"