Jina Nyumba Mpya, Chumba Kinavuja

Jamani, naitwa Xavier. Herufi sita tu, lakini zimenitesa kuliko madeni. Cheti cha ubatizo kinasema Ksaveri, cha shule Zaveri. Mama ntilie ananiita Baba Seveni, nami sibishi maana nakula kwake kwa mkopo. Juzi kwenye dirisha la ofisi moja, karani ameshika fomu yangu ananiuliza, "Hii eksi ya nini? Wewe jina au hesabu?"

Nikamfuata katekista mstaafu wa mtaani kwetu, anitibu. Mzee akacheka mpaka kofia ikadondoka. Kumbe hata si jina la mtu! Mtakatifu mwenye jina hilo, mmisionari wa zamani, aliitwa Fransisko. Xavier ni kwao: ngome ya Javier, kule Navarra, kaskazini mwa Uhispania, alikozaliwa mwaka 1506. Yaani ni sawa na Juma wa Mbagala awe maarufu, halafu baada ya miaka 400 watoto wa watu wabatizwe Mbagala.

Eti alipotangazwa mtakatifu, mwaka 1622, akina Fransisko walikuwa wengi, yule wa Assisi akiwa wa kwanza. Huyu tayari alikuwa akiitwa na kwao, ikasaidia wasichanganywe. Baadaye Fransisko akateremka njiani, Xavier akaendelea na safari hadi kwenye fomu yangu.

Na Pwani mtakatifu huyo alipita, msidhani. Mwaka 1542, akielekea Goa, kule India, meli yao ilitia nanga Malindi. Mzee mmoja Mwislamu akamlalamikia kwamba mji una misikiti 17 na inayopata watu ni mitatu tu. Hapo nikampenda yule mzee. Mgeni hajakaa, keshamwagiwa kero.

Basi nikauliza, jina lina maana gani? Katekista akasema ni la Kibaski, lugha ya huko kwao mtakatifu: *etxe*, nyumba, *berri*, mpya. Tena wanapanga maneno kama sisi, nyumba kwanza, upya baadaye. Nyumba Mpya! Mimi! Mwenye chumba kimoja, bati lina matundu kama chekeche!

Tarehe 3 Desemba, sikukuu ya somo wangu, mvua ikanyesha usiku kucha. Nina beseni kitandani, sufuria mlangoni, kikombe juu ya redio. Asubuhi hodi: mwenye nyumba, anataka kodi ya miezi sita.

Nikaona nimweleze kwa upole. "Mzee, unajua jina langu maana yake nyumba mpya?"

Akaangalia beseni, akaniangalia mimi.

"Vizuri. Basi hamia huko."