Kamba kwanza au ubao kwanza? Siku ya kwanza ya jometri kwa walimu tarajali

Mkufunzi anayeanza kuwasomesha jometri walimu tarajali, awe Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au chuo chochote cha Pemba, ana njia mbili siku ya kwanza: aandike fasili ubaoni, au awape karatasi na kamba wahangaike wenyewe. Mimi nipo upande wa kamba, ila si kwa ile sababu inayotajwa sana, kwamba eti vitendo vinafurahisha. Mtu mzima anayesomea kazi hakwenda chuoni kuchangamshwa.

Wanaotaka ubao wana hoja nzito. Muda mchache, darasa limejaa, na mtihani haumuulizi mtu kama aliwahi kuchana karatasi. Tena kuna lugha: hisabati ya sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anayebishana na wenzake kwa Kiswahili juu ya pembetatu bado atadaiwa istilahi nyingine. Hoja yao kali zaidi ni hii: kuchana pembe tatu za pembetatu ya karatasi na kuzipanga zikakaa kwenye mstari ulionyooka hakuthibitishi kitu. Hiyo ni pembetatu moja. Nyingine je?

Kweli kabisa. Lakini waambie wapime pembe hizo hizo kwa protrakta. Huyu atapata jumla ya nyuzi 179, yule 182. Sasa nani aliyesema kila pembetatu ni 180, na alijuaje? Mwenye swali hilo kichwani atausikiliza uthibitisho wa mistari sambamba. Asiye nalo ataunakili tu.

Kamba ndiyo naipenda zaidi. Fundi anayeweka msingi wa nyumba, Chake Chake au Makunduchi, hupima futi 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, kisha huangalia kama kati ya alama mbili zile pana futi 5 kamili. Zikitimia, kona imekaa. Watoe wanachuo uwanjani wafanye vivyo hivyo, halafu waulize fundi katumia kanuni gani. Wengi watajibu Pythagoras. Si hivyo hasa. Kanuni ile huanza na pembe mraba ikaishia kwenye urefu wa pande: 3×3 + 4×4 = 5×5. Fundi kaanza na urefu akaishia kwenye pembe. Ni kauli iliyogeuzwa, na kauli ya kweli ukiigeuza si lazima ibaki kweli: kila mraba una pande nne sawa, lakini umbo lenye pande nne sawa laweza kuwa limeinama, pembe zake zisiwe mraba. Kwa Pythagoras mgeuzo nao ni kweli, ila unahitaji uthibitisho wake. Mwalimu asiyeiona tofauti hii atauvusha mkanganyiko huo mpaka skuli.

Pierre na Dina van Hiele, walimu wa Uholanzi, walieleza mwaka 1957 kwamba mwanafunzi hupanda ngazi: hutambua umbo kwa sura, kisha kwa sifa, kisha huzihusisha sifa zenyewe, ndipo athibitishe. Mwalimu akizungumza kutoka ngazi ya juu, wa chini hamuelewi. Chora mraba uliosimama kwa kona, kama wa nakshi za mkeka, uwaulize wanachuo jina lake. Watakaokataa kuuita mraba hawajavuka ngazi ya sura, na fasili ya ubaoni itawapita juu.

Hata hivyo vitendo huharibika upesi. Kipindi kikiwa cha saa moja na nusu, nisingetoa zaidi ya nusu saa kwa karatasi na kamba. Iliyobaki ni ya mabishano, na istilahi za Kiingereza ziandikwe hapo, kila moja mara kitu chake kinapotajwa. Mkufunzi anayejua kwamba kuchana karatasi kutamlia kipindi kizima, heri aanze na ubao.