Jiko Lililochubuka Halijafa

Jiko la gesi la mama yangu, lenye pleti nne, limedumu jikoni kwetu Tanga kwa miaka 14, na katika muda wote huo halijawahi kugoma kuwaka. Kilichochakaa ni uso wake. Pembeni mwa pleti kubwa ya mbele weupe ulikuwa umebanduka vipande vipande, kama chokaa ya ukuta wenye unyevu, na kutu ilikuwa imetambaa hadi ukingoni. Nyumbani ilishauriwa linunuliwe jipya. Nilipinga, na bado napinga: jiko ambalo vali zake ni nzima na moto wake ni wa bluu halitupwi kwa sababu ya sura.

Wengi hudhani ule weupe ni rangi. Ni enameli, yaani unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya bati la chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi hadi ukashikamana nalo. Ndiyo maana stilwaya, ambayo tunaisifu kwa kung'arisha masufuria, ni adui mkubwa wa jiko, kwani hukwangua kioo hicho na kuacha chembe za chuma ambazo nazo hushika kutu. Mchuzi wa ukwaju uliomwagika ukaachwa hadi asubuhi hufifisha mng'ao wake taratibu, na sisi wa pwani tunaongezewa hewa ya chumvi, isiyosamehe chuma kilichobaki wazi.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alipaka rangi ya mafuta, ile ya milango, juu ya kutu yenyewe. Siku ya tatu ilifura malengelenge, ikatoa moshi uliomkohoza mama hadi akatoka nje. Simlaumu kwa nia yake, lakini rangi ya mlango haikutengenezwa kukaa jirani na moto.

Mara ya pili nilifanya mwenyewe. Nilifunga mtungi, nikachomoa regulata, nikatoa pleti na vifundo vyote, kisha nikaosha mafuta kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, kwa sababu rangi haishiki penye mafuta. Nilianza na msasa namba 120, nikamalizia na 220, na hapo ndipo palipochukua asubuhi nzima: kutu iliisha mapema, lakini ukingo wa enameli iliyovunjika ulihitaji kulainishwa hadi kidole kipite kutoka kwenye kioo kwenda kwenye chuma bila kukwama, maana ukingo ulioachwa mkali ndipo rangi huanza kuinuka. Nikapuliza rangi inayohimili joto la nyuzi 600, tabaka tatu nyembamba, matundu ya gesi nikiwa nimeyaziba kwa karatasi. Niliporudisha mpira wa gesi, nilipaka povu la sabuni kwenye maungio, nikahakikisha hakuna kiputo kinachokua, yaani gesi haivuji.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia nishati hiyo, gesi ikiwemo, ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, ila nasikitika kwamba mazungumzo yetu huishia kwenye kununua. Majiko yote yatakayonunuliwa yatachubuka, na mafundi wanaojua tofauti kati ya enameli na rangi wanahitajika kila mtaa.

Kiraka cha jiko letu kinaonekana, kwa kuwa weupe wake hauna mng'ao wa ule wa zamani. Mama hukipangusa kwa kitambaa laini kila anapoepua chungu, kabla ukwaju haujakauka.