Haikuwa dawa jamani, ilikuwa poda ya mtoto

Naona stori imeshafika mpaka Mwanza kwa watu hata siwajui, na imefika imenenepa. Kuna rafiki yangu mmoja, ndiye aliyetuendeshea Noah siku hiyo, badala ya kutulia akala pilau akaondoka kaenda kurusha voisi noti kwenye grupu la mtaa eti "jamaa kampulizia mkwe unga wa mganga kwenye mahari". Sasa watu wananiuliza inboksi mganga wangu anapatikana wapi na anachukua bei gani. Nisikilizeni mimi mwenyewe, maana poda bado iko masikioni.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua ugonjwa wangu wa kuunda vifaa vya kwenye filamu za majasusi. Safari hii nilikuwa nahangaika na brifkesi ya James Bond, ile ya From Russia with Love, filamu ya 1963, Sean Connery bado wa moto. Humo ndimo mwigizaji Desmond Llewelyn anaanza kazi ya kumgawia Bond vifaa, kazi aliyokuja kuifanya mpaka 1999, na anachomkabidhi ni brifkesi nyeusi ambayo ukiiona unasema ya karani wa bima. Kumbe ndani kuna risasi, kisu kinachomoka ubavuni, bunduki ya kufungua vipande vipande, sarafu 50 za dhahabu, halafu kuna kopo la poda. Hilo kopo ndio utamu wenyewe. Linashikwa na sumaku, ndani sio poda ni gesi ya machozi, na ukifungua brifkesi kienyeji unapigwa nayo ya uso. Lazima kwanza vile vifungo viwili uvilaze, ndio ufungue.

Kisu na bunduki niliviacha, mimi bado naishi kwa mama na kulala sentro sitaki. Brifkesi niliipata mtumbani Karume, ngozi imechoka ila ukiipaka kiwi inakudanganya. Sumaku nikachomoa kwenye spika iliyokufa. Sarafu za dhahabu nikachukua shilingi mia mia nikazipulizia rangi ya gold nikazipanga kwenye mifuko ya siri ubavuni (msianze, najua sarafu ya serikali haipakwi rangi). Gesi ya machozi nikaweka poda ya mtoto, ile yenye harufu ya lavenda. Kazi ilikuwa kwenye mtambo. Nilichukua mtego wa panya wa mama, nikaufunga ndani ya mfuniko ukiangalia kichupa laini cha poda ambacho matundu yake nimeyatanua kwa msumari wa moto, kisha nikavuta mshipi wa kuvulia samaki kutoka kwenye mtego mpaka kwenye vifungo. Vifungo vikisimama, mshipi umekaza. Ukivilaza, mshipi unalegea, unafungua kwa amani. Fundi wa funguo pale kituoni ndiye aliyenichongea hivyo vifungo mpaka vikazunguka, na aliponiuliza ni vya nini nikamwambia ni usalama. Sikudanganya.

Na wazo la kuibeba kwenye mahari halikuwa langu! Hapo naomba muandike kabisa. Binamu yangu ndiye anaoa, aliiona, akaipenda, akasema pesa ya mahari haiwezi kwenda Kibaha kwenye mfuko wa rambo, na hata kibaka akiikwapua atakula poda. Mimi ningeibeba, mshenga angeongea, muda ukifika ningeilaza vifungo mwenyewe, nafungua, pesa inahesabiwa, tunakula. Plani safi kabisa.

Tumefika, tumepiga hodi, tumetozwa faini ya kuchelewa, tumekaa. Sebule imejaa. Mshenga wetu kaongea maneno mazuri mpaka na mimi nikataka kuolewa. Ikafika pale, "kijana, leta mzigo". Nikasimama na brifkesi yangu, nikapiga magoti, nikaiweka mezani, mikono iko kwenye vifungo tayari. Baba mkubwa wa binti, mzee mmoja wa suti ya kijivu, yule ambaye hajacheka tangu tuingie, akainua kidole.

"Acha hapo. Mzigo ukishaingia kwangu naufungua mimi."

Wale walioiona filamu mtakuwa mmeshikilia kichwa, maana ndani ya treni yule muuaji aliyeigizwa na Robert Shaw naye aling'ang'ania kufungua brifkesi mwenyewe.

Sasa jamani pale kijana hana kauli. Anaongea mshenga. Nikamtazama mshenga, mshenga anatabasamu, yeye hajui chochote. Nikamtazama binamu, binamu anakagua dari. Mzee akatoa miwani kwenye koti. Akaipumulia. Akaifuta kwa tai. Akaivaa. Akaivuta brifkesi mpaka karibu na kifua, akainama, yaani uso na mfuniko vinaangaliana kabisa, vidole gumba viwili juu ya vifungo, na vifungo vimesimama wima kama askari wa gwaride. Nikasikia mdomo wangu unafunguka wenyewe:

"Mzee laza! Laza kwanza!"

Akaniangalia juu ya miwani. "Nimlaze nani?"

Tak. Kifungo cha kushoto.

"Hivyo hivyo vya... vilaze mzee wangu!"

Tak. Cha kulia.

Nataka niwaambie kitu kimoja kama fundi: mtambo ulifanya kazi. Nyumbani nilipokuwa najaribu ulikuwa unakohoa kidogo tu, poda kijiko kimoja. Siku ile sijui ni joto la kwenye Noah ama nini, mtego ulipiga kichupa chote kwa mpigo mmoja, PUUU, na yule mzee akapotea. Hayupo. Kuna wingu lina suti. Wingu likaanza kushuka taratibu kwenye sahani za sambusa, kwenye kilemba cha shangazi, kwenye daftari la mahari, kisha katikati yake akatokea mzee mweupe kope mpaka ndevu, katoa miwani, na pale ilipokuwa miwani pamebaki miduara miwili ya rangi yake.

Kimya. Halafu, kwa sababu ule mshtuo ulilegeza gundi, mifuko ya siri ikafunguka na zile sarafu za rangi ya dhahabu zikaanza kumwagika mezani, moja moja, zinaviringika kwenye unga mweupe, moja ikaenda ikazunguka ikalala miguuni kwa bibi harusi mtarajiwa.

Sasa wewe jiweke kwenye nafasi yao. Mgeni kaleta sanduku jeusi, limetoa unga mweupe usoni kwa mkubwa wa ukoo, likatapika hela za ajabu, na kijana aliyelileta alikuwa anapiga kelele "laza". Shangazi akasimama na kilemba chake cha poda, akapiga yowe moja: "WAMETULETEA VITU!" Wengine wakaelekea mlangoni, wengine dirishani, mchungaji aliyealikwa kufungua kwa sala akaanza sala nyingine kabisa, na mshenga wetu, mtu mzima, nilimuona kwa macho yangu akiruka kochi.

Mimi nikafanya nini, nikachovya kidole kwenye poda nikailamba mbele yao kuonyesha ni salama. Hapo ndipo kelele zikaongezeka.

Mengine mafupi. Kilichotuokoa ni mama mmoja mwenye mtoto mchanga, aliinusa akasema hii si ndio ile ya dukani, akatoa yake kwenye mkoba wakalinganisha. Mzee akaoga, akarudi na shati lingine, bado hajacheka. Pesa ilikutwa yote, ndoa ipo palepale, ila tumepigwa faini ya suti kwenda dobi na mbuzi wawili wa kumsafisha mzee, na binamu anasema mbuzi ni juu yangu. Mama naye kaisikiliza stori yote mpaka mwisho kisha akauliza mtego wake uko wapi.

Brifkesi iko Kibaha, imeshikiliwa mpaka mbuzi wafike. Mwenye mbuzi wa bei ya kueleweka anicheki inboksi, anayetaka kuuliza habari za mganga nambloku.