Ukimfokea dada, mtoto anapata sehemu yake

Hapa Dar es Salaam, mzazi anayekaa Chanika au Mbagala na kufanya kazi Posta anatoka alfajiri mtoto amelala, na foleni inamrudisha usiku mtoto keshalala tena. Katikati hapo mtoto ni wa dada wa kazi. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 kwa mapacha. Zikiisha, kichanga anakabidhiwa kwa binti ambaye pengine ametoka mkoani juzi tu. Video za dada akimpiga mtoto zikisambaa WhatsApp, mji mzima unalaani, na ni haki yake. Tunavyomtendea sisi huyo dada hatuzungumzi.

Mwaka 1992 Megan Gunnar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha utafiti ambao natamani kila mwajiri wa dada aujue. Walipima kotisoli, homoni inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo mtu anapopata msongo, kwenye mate ya watoto wa miezi 9. Watoto hao waliachwa na mlezi mgeni kwa dakika 30, mama hayupo. Baadhi walipata mlezi mchangamfu aliyecheza nao muda wote. Wengine walipata mlezi aliyembembeleza mtoto akilia, lakini akishanyamaza anarudi kwenye shughuli zake. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefokewa. Kotisoli ilipanda kwa hao wa pili. Kwa wale waliochezewa haikupanda.

Kwa hiyo mama kwenda kazini siyo kesi. Naliandika hili kwa ajili ya akina mama wa mji huu, maana wao ndio hubebeshwa lawama zote. Kesi ni huyo anayebaki na mtoto ana hali gani.

Kule Montreal, Kanada, mtafiti Michael Meaney na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba vitoto vya panya vilivyolambwa sana na mama zao siku za mwanzo vilikua na homoni za msongo zisizopanda ovyo. Baadaye ikaonekana kwamba panya mwenye mimba akisumbuliwa, hata yule hodari wa kulamba hupunguza. Mtoto wa mtu si panya, sawa. Ila msongo wa mlezi kumfikia anayelelewa, hilo mimi silioni geni hata kidogo.

Sasa mtazame dada wetu. Kaamka saa kumi, kakanda chapati, kaandaa wakubwa kwenda shule. Mtoto yuko mgongoni kwa kanga, na mama mwenye nyumba anafoka kwa sababu uji umeshika chini. Binti anainamisha kichwa, moyo unamwenda mbio, na kifua cha mtoto kimelala juu ya mgongo ule ule. Kisha tunaondoka, tukitegemea acheke na mtoto mpaka jioni, huku beseni la nguo likimsubiri uani na simu yake tumeificha kabatini.

Tumrudishie simu aongee na mama yake. Mshahara utoke tarehe tuliyokubaliana, na apate siku yake ya kupumzika kila wiki. Na kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka miwili, kazi yake ya kwanza iwe huyo mtoto. Nguo zikae, tutazifua wenyewe Jumamosi.